Nani Alisimama Mbele ya Cheka?

Katika makutano ya mitaa ya Uhuru na Msimbazi, Kariakoo, kulikuwa na miaka ambayo mtu aliweza kununua pambano zima la ngumi, akalitia mfukoni na kwenda kulitazama nyumbani. Kocha Rajabu Mhamila, ambaye mjini wanamjua zaidi kwa jina la Super D, aliuza hapo DVD za masumbwi: Muhammad Ali, Mike Tyson, Mayweather, Pacquiao, na mapambano ya hapahapa yaliyorekodiwa kwenye kumbi za Dar es Salaam. Siku za kupima uzito alizibeba akazipeleka huko. Usiku wa pambano zilikuwa mlangoni.

Biashara ile iliwaharibu mashabiki, kwa maana nzuri. Aliyemwona Ali akiteseka mbele ya Joe Frazier haridhiki kirahisi na mgeni anayelala raundi ya pili kwa ngumi ambayo hata waliokaa viti vya mbele hawakuiona. Ni kweli kwamba Ali mwenyewe alimlaza Sonny Liston mwaka 1965 kwa ngumi ya namna hiyohiyo, na mpaka leo watu wanagombana juu yake. Lakini ubishi huo ndio ulioingia Kariakoo na kukaa. Bingwa wetu anashinda, sawa. Anamshinda nani?

Kati ya mwaka 2009 na 2015 swali hilo lilikuwa na mwenyewe. Aliitwa Francis Cheka, wa Morogoro, jina la ulingoni SMG. Dar es Salaam haikuwa kwao, lakini ndiko zilikokuwa kumbi, mapromota, magazeti na wapinzani wake wengi. Alikuja mjini kama basi la asubuhi, akafanya kilichomleta, akarudi Morogoro na mkanda.

Kumpima Cheka bila kuanza na Rashid Matumla ni kuanza hadithi katikati. Matumla, Snake Man, alizaliwa mwaka 1968, akaiwakilisha Tanzania katika Olimpiki, kisha akageukia ngumi za kulipwa. Katika miaka ya 1990 ndiye aliyekuwa sura ya mchezo huu nchini. Jamal Malinzi, ambaye baadaye aliliongoza Shirikisho la Soka Tanzania, alikuwa promota wake, na kwa msaada huo Matumla aliupata ubingwa wa dunia wa WBU wa uzito wa kati mwepesi. Watu waliimba jina lake. Wachache waliuliza WBU ni nini.

Jibu lilikuwa gumu kidogo. Ngumi za kulipwa zina vyama vinne vinavyohesabiwa kuwa vikubwa: WBA, WBC, IBF na WBO. Nje ya hivyo kuna vyama vingine vingi, kila kimoja na mkanda wake unaong'aa na neno "dunia" lililochorwa juu yake. WBU ilikuwa mojawapo ya hivyo vya nje. Hilo halimfanyi Matumla kuwa bondia wa bandia. Alikuwa na macho, miguu na ngumi za mtu aliyefundishwa vizuri katika ngumi za ridhaa, na ndugu zake, Mbwana, Hassan na Karim, walipanda ulingoni nao. Ila mkanda peke yake haukutosha kueleza alipigana na watu wa kiwango gani, na hali hiyo ndiyo Cheka aliyoirithi.

Alirithi pia Matumla mwenyewe, na hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa tamu. Cheka alizaliwa Aprili 1982. Alipompiga Snake Man, mkubwa wake alikuwa tayari anaelekea miaka arobaini. Magazeti yaliandika kwamba mfalme ameangushwa. Kwenye vijiwe vya Gerezani na Ilala, wazee waliomwona Matumla alipokuwa moto walitabasamu tu. Ukimpiga mtu aliyekutangulia miaka kumi na minne, umempiga jina lake, na jina halina miguu. Hata hivyo ngumi ndivyo zinavyoachiana kiti: Rocky Marciano alimpiga Joe Louis mwaka 1951 Louis akiwa na miaka 37, na hakuna aliyemnyima Marciano heshima yake kwa sababu hiyo.

Kabla ya kuwa mfalme wa nyumbani, Cheka alikuwa ameshaonjeshwa ladha ya nje. Septemba 6, 2008, kwenye ukumbi wa MEN Arena jijini Manchester, alipanda kupigana na Matthew Macklin. Usiku huo dunia inaukumbuka kwa jambo jingine: Amir Khan, kipenzi cha Waingereza, alidondoshwa na Breidis Prescott wa Colombia katika sekunde 54. Mapema katika ratiba hiyohiyo Cheka alikuwa amefika raundi ya kumi na Macklin, akapoteza kwa pointi, akarudi nyumbani bila kelele.

Leo pambano hilo linastahili kutazamwa upya. Macklin hakuwa mtu wa kawaida. Mwaka 2011 alimsumbua Felix Sturm mjini Cologne, wengi wakaona ameonewa na majaji. Mwaka uliofuata alipigana na Sergio Martínez mjini New York, na mwaka 2013 na Gennady Golovkin, aliyemmaliza raundi ya tatu. Cheka alikaa naye raundi kumi. Kati ya matokeo yote kwenye rekodi yake, kushindwa kule ndiko kunakosema mengi zaidi juu ya uwezo wake, na ajabu ni kwamba mtaani ndiko kunakotajwa kwa nadra zaidi.

Aliporudi, akakutana na watu wa nyumbani. Hapa ndipo mjadala unapopaswa kukaa, maana kwa miaka kadhaa hao ndio waliokuwa dunia yake: Maneno Oswald, aliyejiita Mtambo wa Gongo, Japhet Kaseba, aliyetokea kwenye ngumi za mateke, Mada Maugo, Karama Nyilawila, aliyeitwa Captain, na Thomas Mashali, Simba Asiyefugika. Majina hayo yalijaza mabango kwenye nguzo za umeme kuanzia Buguruni hadi Magomeni.

Mtu anaweza kuyapanga kwa uzito wake halisi. Oswald alikuwa mkongwe mwenye ngumi nzito, aliyepambana na Matumla mara kadhaa na kujua kila hila ya kuubana mkono wa mwenzake bila mwamuzi kuona. Kaseba alikuwa na mwili na moyo, lakini mtu aliyelelewa na mateke anapopigwa marufuku kutumia miguu huwa amenyang'anywa nusu ya akili yake. Pambano lake na Cheka lilijaza watu, na kujaza watu ni kitu kingine kabisa na kumpa bingwa mtihani. Maugo, aliyekutana na Cheka Aprili 2012, alikuja kwa vishindo, akaongea sana kabla. Nyilawila alikuwa fundi. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa mtu wa kuokotwa.

Tatizo lilikuwa kwamba walikuwa walewale. Cheka anampiga Maugo, Maugo anapigana na Mashali, Mashali anamtaka Cheka, Oswald anampiga Matumla, Kaseba anamtaka Oswald. Katika mduara kama huo kila mtu anakomaa kwa kumjua mwenzake, lakini mduara wenyewe haupandi. Viwango vya kimataifa huhesabiwa kwa ubora wa uliyempiga, na uliyempiga huhesabiwa kwa ubora wa aliowapiga yeye. Kama ninyi sita mnapigana wenyewe kwa wenyewe na hakuna anayewajua, hata bingwa asiyeshindwa anabaki mbali chini kwenye orodha.

Utawala wa mchezo nao ulisaidia kuuchanganya mchezo. Katika miaka hiyo ngumi za kulipwa nchini zilikuwa na wasimamizi zaidi ya mmoja: TPBC ya Onesmo Ngowi, TPBO ya Yassin Abdallah "Ustaadh", na PST ya Emmanuel Mlundwa. Kila upande ulitambua mapambano yake. Promota aliyekorofishana na huyu alikwenda kwa yule. Kilio cha kuwa na chombo kimoja kilikuja kujibiwa baadaye kwa kuundwa Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa Tanzania, TPBRC, chini ya mwavuli wa Baraza la Michezo. Lakini enzi za Cheka zilikuwa zimeshapita kwa sehemu kubwa.

Halafu kulikuwa na wageni. Mgeni ndiye anayeuza tiketi, kwa sababu ubingwa wenye jina la Afrika au la dunia hauwezi kugombewa na watu wawili kutoka Manzese. Promota wa Dar es Salaam analipa nauli, hoteli na malipo ya pambano, na mfuko wake una mwisho. Mgeni wa bei nafuu hutoka Malawi, Zambia, Kenya au Kongo. Mara nyingine taarifa inamfikia wiki chache kabla, amefanya mazoezi nusu. Wapo waliokuja kuchukua chao na kulala mapema. Wapo pia waliokuja kupigana. Chimwemwe Chiotcha wa Malawi, aliyekutana na Cheka Arusha Desemba 2012 kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, alimaliza raundi zote na kumlazimisha bingwa kusubiri kadi za majaji.

Mwaka 2013 ulikusanya yote haya kwenye miezi minane.

Mei Mosi, katika ukumbi wa PTA kwenye viwanja vya Sabasaba, Cheka alikutana na Mashali kugombea mkanda wa IBF Afrika. Mashali alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mwenye hasira ya ulingoni na imani kwamba mfalme wa Morogoro amekaa kitini muda mrefu mno. Jiji lilikuwa upande wake, na jiji lilipiga kelele. Cheka alimpokea, akamwacha atumie pumzi, kisha akaanza kumvunja taratibu. Mashali hakumaliza raundi zote 12. Katika mapambano ya nyumbani ya Cheka, hili ndilo linalostahili kuwekwa juu ya mengine: wapinzani wawili wenye njaa, wote wakiwa katika nguvu zao, hakuna aliyezeeka, hakuna aliyeshushwa kutoka ndege ya jana.

Miezi minne baadaye, Agosti 30, ilikuwa zamu ya Diamond Jubilee, Upanga, mwendo mfupi kutoka sokoni Kariakoo. Mgeni alikuwa Mmarekani, Phil Williams wa Minnesota, na kilichokuwa mezani ni ubingwa wa dunia wa WBF wa uzito wa super middle. Cheka alishinda kwa pointi baada ya raundi 12. Ukumbi ulilipuka, bendera zikapepea, na Tanzania ikawa na bingwa wa dunia.

Sasa weka mapambano hayo mawili pamoja. Ukiuliza umma, Williams ndiye mpinzani mkubwa: Mmarekani, mkanda wa dunia, Diamond Jubilee. Ukitazama ulingo, Williams alikuwa bondia wa kuzunguka, asiye na jina la kutikisa hata jimbo lake, na WBF ni mojawapo ya vyama vya nje ya vile vinne. Mashali, ambaye pasi yake ya kusafiria haikuwa na mvuto wowote, ndiye aliyekuwa hatari zaidi. Kosa la kupima mpinzani kwa urefu wa safari yake lilikuwa limeota mizizi mjini, na mapromota walilimwagilia maji.

Desemba mwaka huohuo Cheka alikwenda Moscow. Aliyemsubiri alikuwa Fedor Chudinov, Mrusi aliyekuwa bado hajajulikana sana. Cheka hakuvuka raundi ya tatu. Nyumbani kulikuwa na aibu, na walioanza kusema bingwa alikuwa wa kutengenezwa hawakuwa wachache. Lakini ngoja miezi kumi na saba. Mei 9, 2015, mjini Frankfurt, Chudinov huyohuyo alimpiga Felix Sturm na kuwa bingwa wa WBA. Aliyemwangusha Cheka alikuwa mtu anayekwenda kileleni, na wakati huo hakuna aliyelijua hilo kuanzia Msimbazi hadi Moscow kwenyewe.

Ndiyo maana rekodi ya Cheka inasomeka kwa shida. Chini walikuwepo wapinzani wa Afrika Mashariki na Kati, juu walikuwepo akina Macklin na Chudinov, na katikati palikuwa patupu. Bondia wa Liverpool au Berlin hupewa watu wa katikati mmoja baada ya mwingine: mkongwe mjanja, kijana mwenye mkono wa kushoto, bingwa wa zamani anayeshuka. Kila mmoja anamfundisha kitu kabla ya mtihani mkubwa. Cheka alitoka Diamond Jubilee akaingia Moscow moja kwa moja.

Tuhuma ya kupiga dhaifu si ya Tanzania pekee. Joe Louis, aliyetetea ubingwa wake wa uzito wa juu mara 25, alipigana karibu kila mwezi kuanzia Desemba 1940 hadi Juni 1941, na waandishi wa Marekani waliwakejeli wapinzani wake kwamba ni wazururaji wa zamu ya mwezi. Kisha Juni 18, 1941 akaja Billy Conn, mtu wa uzito mdogo kuliko wake, akamwongoza kwa pointi hadi raundi ya 13 kabla ya Louis kumlaza. Usiku mmoja ulibadilisha maana ya miezi yote iliyotangulia.

Usiku wa Conn wa Cheka ulikuja Krismasi ya 2015, na ulikuwa wa kushindwa. Mbele ya watu wake, kwenye Uwanja wa Jamhuri, Morogoro, Mashali alirudi na kumshinda kwa pointi. Kwa upande mmoja zama za SMG za kutopigwa na Mtanzania zilikwisha siku hiyo. Kwa upande mwingine, ushindi ule ulimpandisha Cheka wa 2013: mtu aliyemvunja pale Sabasaba alikuwa kweli mpinzani wa kumweza.

Na Cheka hakuwa amekwisha. Februari 27, 2016, Leaders Club, Kinondoni, alimshinda kwa pointi Geard Ajetovic, Mserbia aliyekuwa akiishi na kupigana Uingereza, bondia wa ile ngazi ya katikati iliyokosekana miaka yote. Pambano hilo lingekuja mwaka 2010, pengine hadithi nzima ingekuwa nyingine. Oktoba 31 mwaka huohuo Mashali aliuawa kwa kushambuliwa huko Kimara. Pambano la tatu lililokuwa likidaiwa na mashabiki halikupata kupangwa. Cheka aliendelea hadi Desemba 2018, Abdallah Pazi, Dulla Mbabe, alipomlaza, kijana akimpiga mkongwe kama Cheka alivyompiga Matumla.

Miezi mitatu kabla ya hapo, kipimo kilikuwa kimebadilishwa na kijana wa Tanga. Septemba 8, 2018, mjini Birmingham, Hassan Mwakinyo aliitwa kuziba pengo dhidi ya Sam Eggington. Kwenye orodha ya dunia Mwakinyo alikuwa nje kabisa ya 100 bora. Eggington alikuwa amemlaza Paulie Malignaggi, bingwa wa zamani wa dunia, mwaka mmoja na nusu kabla. Mwakinyo alimsimamisha raundi ya pili, na mara moja akaingia ndani ya 20 bora. Hapakuwa na mkanda wowote mezani, na bado ulikuwa ushindi mzito kuliko mikanda mingi iliyopigiwa picha Diamond Jubilee.

Umaarufu huo ulimrudisha Dar es Salaam akiwa shujaa, na swali la Kariakoo likamsubiri uwanja wa ndege. Novemba 29, 2019, Uwanja wa Uhuru, aliletewa Arnel Tinampay wa Ufilipino, mtu aliyekuwa amepoteza mapambano zaidi ya 20. Wengi walifungua simu, wakaona rekodi, wakacheka. Tinampay alipanda akambana Mwakinyo raundi kumi, na majaji walipompa Mwakinyo ushindi, sehemu ya uwanja ilizomea. Rekodi ya Mfilipino ilikuwa imewadanganya: alikuwa amepoteza mara nyingi kwa sababu alikuwa anakwenda kupigana popote, kwa yeyote, nyumbani kwa mwenye pambano.

Julius Indongo alikuwa kinyume chake. Wiki nane baada ya soko kuu la Kariakoo kuungua Julai 2021, Mnamibia huyo aliletwa Ubungo Plaza akiwa na jina zito kuliko yeyote aliyewahi kuletwa na promota wa nyumbani: bingwa wa zamani wa IBF na WBA, aliyegombea mikanda yote minne na Terence Crawford mwaka 2017. Mwakinyo alimmaliza raundi ya nne. Lakini Indongo alikuwa na miaka 38, na ubingwa wake aliupata kwenye kilo 63.5, wakati Mwakinyo alikuwa akipigana kwenye karibu kilo 70. Jina lilikuwa kubwa. Mwenye jina alikuwa ametoka uzito mwingine na miaka mingine.

Septemba 3, 2022, Mwakinyo alikwenda Liverpool kwa Liam Smith, bingwa wa zamani wa WBO aliyewahi kupambana na Canelo Álvarez. Pambano lilisimamishwa raundi ya nne, Mwakinyo akilalamikia kifundo cha mguu na viatu ambavyo havikuwa vyake. Dar es Salaam ilicheka viatu kwa wiki nzima, mabango ya mtandaoni yakatengenezwa, na waliosema tangu zamani kwamba alikuwa anapewa wepesi walijiona wamethibitishwa. Januari 21, 2023, mjini Manchester, Smith alipanda tena, safari hii dhidi ya Chris Eubank Jr., ambaye alikuwa hajawahi kudondoshwa katika ngumi za kulipwa. Alimdondosha mara mbili, na mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ileile ya nne.